Gari la umeme karibu jipya hapa Mtwara: nalipenda, ila nafikiria upya

Watu wengi hapa mjini wameshaniuliza kuhusu gari langu la umeme, wengine wanakuja mpaka dukani, na swali ni moja tu, "Mama Nasra, na mimi ninunue?" Kila nikianza kumjibu mtu naishia njiani, mteja anaingia anataka dawa ya mtoto, stori inakatika, yule anaondoka na nusu ya maneno. Kwahiyo naandika yote hapa, mazuri yake na haya yanayonifanya sa hivi nikae nifikirie upya, maana najua kuna watu wanapanga kutumbukiza hela ya msimu wa korosho kwenye gari kama hili na hela ya korosho ikishatoka mpaka mwakani ndo unaiona tena.

Gari lenyewe jina silitaji, sababu mengi nitakayosema sio kosa la kampuni, ni mambo yatakayokukuta na gari lolote la umeme ukilileta huku kusini. Ni la Kijapani, dogo, milango mitano, betri yake inabeba uniti 40 za umeme (kWh), lilisajiliwa kwao 2022 na nililipata yadi moja Dar likiwa limetembea kilomita hazifiki elfu kumi na mbili. Ndani linanukia upya kabisa, kitabu cha Kijapani bado kimo kwenye nailoni, matairi yana vinyweleo. Likapewa namba E, ukiliona barabarani unajua hili limetoka dukani jana.

Na bei ndo ilinivuta. Gari la petroli la umri ule na kilomita zile nisingeligusa. Nikauliza kwanini hili linauzwa chini hivi, yule kijana wa yadi akaniambia mama hayana soko bado. Jibu la kweli ila halikunitosha, nikaanza kusoma, na nilichokikuta ni kwamba sio Tanzania tu, dunia nzima magari ya umeme yaliyotumika kidogo yameporomoka bei. Tesla walipunguza bei za magari mapya Januari 2023, na mpya ikishuka, iliyotumika inashuka zaidi, hakuna atakayenunua ya mkononi kwa bei inayokaribiana na mpya. Wale Hertz wa kukodisha magari Marekani, Oktoba 2021 walitangaza wanaagiza Tesla laki moja, Januari 2024 hao hao wakatangaza wanauza magari ya umeme 20,000. Kwahiyo ule unafuu unaoufurahia siku unanunua ujue ni hasara ya mtu mwingine, na hiyo hasara haijaisha, inaendelea na wewe ukishakuwa mmiliki. Hili nilikuwa nalijua, nikasema mimi nanunua la kutumia sio la kuuza.

Sababu nyingine nitaisema hata kama wengine wataona ni siasa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, iko hapo Msimbati, na umeme wa Mtwara kwa miaka mingi umetoka kwenye mitambo ya gesi hapa hapa mjini. Kwa watu wa huku gesi ni jambo la moyoni, waliokuwepo 2013, wakati wa vurugu za bomba la gesi, wananielewa. Mimi kuwaza kwamba naendesha gari kwa nguvu iliyotoka chini ya ardhi ya kwetu badala ya petroli inayoletwa na meli kwa dola, kiukweli ilinipa raha na mpaka leo inanipa. Sio kitu kidogo kwangu.

Betri niliipima kabla ya kulipa, na hili naomba ulishike hata kama mengine utayasahau. Kuna kifaa kidogo kinachomekwa chini ya usukani kinaongea na simu, kinakuonyesha afya ya betri kwa asilimia. Gari la umeme ukilinunua kwa kuangalia bodi ni sawa na kununua korosho kwa kuangalia gunia, wakati mnunuzi wa korosho tunamjua, anachukua chache anazikata anaangalia ndani. La kwangu lilisoma asilimia 93. Gari la miaka miwili limeshapoteza saba, na halijafanya kazi yoyote ya maana! Nikaambiwa ni kawaida, betri inazeeka kwa kalenda pia sio kwa kilomita tu, likikaa limejaa mia kwenye joto kwenye yadi linazeeka zaidi. Kwahiyo neno "karibu jipya" kwa gari la umeme nusu yake tu ndo kweli, viti vipya, rangi mpya, betri ina hesabu zake.

Alafu kilomita. Usisome karatasi ya Kijapani. Mfano mzuri ni Nissan Leaf ya betri ya 40, hii ni habari ya wazi kila mtu anaweza kuiona, kwa kipimo cha zamani cha Japani iliandikwa inaenda kilomita 400 kwa chaji moja, Wamarekani gari hilo hilo wakalipima wakaandika maili 151, yaani kama kilomita 243. Gari moja, betri moja! Kwangu mimi hesabu ya Wamarekani ndo inakaribia ukweli ukiwa mjini na AC kidogo, ukitoka barabara kubwa ukaweka tisini mia moja na watu wanne ndani, shika mia tisini mpaka mia mbili na usibishane nayo.

Sasa Dar mpaka Mtwara ni kama kilomita 560. Kuliendesha mpaka huku ilikuwa haiwezekani, njia nzima hakuna pa kuchaji panapoeleweka, ukipita Kibiti, ukavuka daraja la Mkapa, Somanga, Nangurukuru, unamwomba nani soketi ukae masaa kumi? Likapandishwa lori. Na ile hela ya lori ni sehemu ya bei ya gari, wengi wanaisahau.

Likafika, likashushwa, na mwezi wa kwanza nilikuwa na furaha ambayo sijui niielezeje. Nina duka la dawa Chuno na lingine Mikindani, wanangu wanasoma Shangani, kwahiyo kila siku ni mzunguko huo huo. Linateleza kimya, foleni ya asubuhi pale mataa unakaa na AC bila kusikia injini inalia, oili hakuna, plagi hakuna, breki haziishi maana ukiachia mguu tu gari linajizuia lenyewe na linarudisha umeme kidogo kwenye betri. Tahadhari moja ya huku kwetu, maeneo ya sokoni watu wanatembea barabarani na wamezoea kusikia gari ndo wasogee, hili hawalisikii, lina kasauti kadogo likienda taratibu lakini kwa kelele za bajaji kanapotea. Mama mmoja na beseni lake la samaki nilikaa nyuma yake taratibu mpaka akageuka mwenyewe, nilimwamkia na kumwomba radhi, sikuthubutu kupiga honi karibu vile.

Kilichonishtua cha kwanza ni soketi.

Nilikuwa nachomeka kwenye soketi ya ukutani upande wa barazani, ile ya kawaida ya pini tatu. Chaja inavuta kama ampea kumi na mbili, sio nyingi, pasi inavuta karibu hivyo, tofauti ni kwamba pasi unaipiga nusu saa na inajizima zima yenyewe, gari linavuta usiku kucha bila kupumua. Siku moja alfajiri natoka kuswali nasikia harufu ya plastiki, nikashika plagi nikaiachia hapo hapo, moto! Uso wa soketi umekuwa wa kahawia pembeni ya tundu moja, na plagi ilikuwa imeanza kushikana na soketi, fundi alipokuja aliivuta ikatoka na kipande. Akafungua akanionyesha, skrubu ya waya ilikuwa haijakazwa vizuri tangu nyumba inajengwa, na waya wenyewe ni mwembamba, umepita soketi nyingine tatu kabla ya kufika pale. Akaniambia, "Mama, ungekuwa umelala chumba cha mbali ungeamshwa na majirani."

Tukavuta waya mpya mnene, ule wa milimita sita, kutoka kwenye DB, lile boksi la breka za nyumba, mpaka barazani, una breka yake peke yake, na ethi, ule waya wa kwenda ardhini, tukachimbia upya maana ile iliyokuwepo ilikuwa jina tu, mchanga wa huku ukikauka ethi haishiki, chaja nyingine zinagoma kabisa kuwaka zikiona ethi ni mbovu na zina haki. Hela ya kazi hiyo yote sikuwa nimeiweka kwenye bajeti ya gari na naamini hakuna anayeiweka. Ukiwa umepanga, muulize mwenye nyumba kwanza kabla hujaenda yadi, maana wewe unaweza ukawa na hela ya gari ila nyumba ni ya mtu na ukuta ni wa mtu.

Alafu ikaja Luku. Sisi nyumbani tulikuwa kwenye zile uniti za bei nafuu za watumiaji wadogo, wale ambao hawazidi uniti 75 kwa mwezi, shilingi mia kwa uniti kabla ya kodi na makato. Gari peke yake linakula zaidi ya hizo. Tukahamia kwenye bei ya kawaida, ambayo ukijumlisha kila kitu inaangukia kama shilingi 356 kwa uniti moja. Maana yake sio umeme wa gari tu uliopanda, hata friji, taa, feni, vyote vimepanda bei kwa sababu ya gari. Hii hesabu kwenye video za watu mtandaoni hutaikuta.

Twende kwenye hesabu yenyewe sasa, maana Baba Nasra ni mtu wa hesabu na ndo yeye alinikalisha chini na kikokotoo. Kilomita mia moja za mjini, pamoja na ule umeme unaopotea wakati wa kuchaji, zinakula kama uniti kumi na saba, hapo ni elfu sita na kidogo. Toyota IST, kagari kadogo ka petroli, kwa kilomita hizo hizo mjini inakunywa lita saba na nusu hivi, petroli ikiwa karibu elfu tatu ni elfu ishirini na kitu. Kwahiyo kila kilomita mia naokoa kama elfu kumi na tano. Inapendeza sana ukiisikia. Sasa mimi kwa mwezi natembea kilomita ngapi? Chuno, Mikindani ambayo ni kilomita kama kumi tu, Shangani, sokoni, msibani, harusini, ukijumlisha yote ni mia nane. Mji wetu ni mdogo! Hapo naokoa laki na ishirini. Na tofauti ya bei kati ya gari hili na IST nzuri, pamoja na lori na waya na ethi, ilikuwa milioni kumi na mbili. Gawanya. Ni miezi mia moja, miaka nane na ushee, punguza kidogo sababu ya oili na sevisi ambazo silipi, bado ni miaka mingi, na makampuni mengi waranti ya betri wanayotoa kwa gari jipya ni hiyo hiyo miaka nane, na yangu ni ya Japani, bahari haijavuka nayo.

Nilimtazama Baba Nasra nikamwambia kumbe ili lilipe inabidi nitembee zaidi. Akasema, "Utembee kwenda wapi?"

Na hapo ndo penyewe. Huku kwetu pa karibu ni karibu mno na pa mbali ni mbali mno. Safari za mjini ni fupi kiasi kwamba akiba yake haionekani, na safari ambazo zingeleta akiba kubwa, Dar, Masasi, Newala, Tunduru, ndo hizo gari haliwezi au linaweza kwa mashaka. Mtu wa Dar anayetoka Bunju kwenda Mbagala na kurudi kila siku yuko kwenye kipimo ambacho gari hili lilitengenezewa. Mimi siko.

Lindi tulienda. Ni kilomita mia na kidogo, tulifika vizuri kabisa, na ule mwendo wa hamsini wa vijijini ambao kila dereva anaulalamikia kwa gari la umeme ni rafiki, unaokoa betri. Tulifika kwa shemeji na asilimia 45 hivi, haitoshi kurudi, kwahiyo lazima tulale na lazima tuchaji. Chaja yangu inaweza kupunguzwa ampea, nikaiweka chini kabisa sababu nyumba ile ni ya zamani na mimi nilishaonja harufu ya soketi. Shemeji ni mtu mwenye adabu sana, alizunguka zunguka uani, akaangalia ile taa inavyowaka waka, mwisho akauliza, "Shemeji, hii inakula kiasi gani mpaka asubuhi?" Nikamwambia usijali nimeshanunua umeme, nikamtumia tokeni. Ikaingia. Ila nikalala nawaza, maana na wao wako kwenye zile uniti 75 za bei nafuu, mimi mgeni wa usiku mmoja nimewasogeza karibu na ukingo, wakizidi, uniti zinazozidi wanalipa mia tatu hamsini badala ya mia, kabla ya kodi. Mgeni unayekuja na gari la petroli hauingii kwenye Luku ya mtu. Na asubuhi wifi akataka kuwasha birika la umeme, ikabidi asubiri nichomoe kwanza. Walicheka wote, ni ndugu, lakini safari ya pili nikaenda na basi.

Newala sijathubutu na gari hili, na kwetu ni kule. Barabara kuna sehemu lami kuna sehemu bado wanajenga, na ile kupanda uwanda wa Makonde, mita mia sita mia saba juu ya bahari, kilima peke yake kinaweza kula karibu asilimia kumi ya betri kabla hujahesabu umbali. Kushuka inarudisha kiasi, ila unapopanda hujui bado kama utashuka na kitu.

Usiku uliobadilisha fikra zangu ni wa mjomba. Mjomba wangu anakaa Naliendele na wanae, na kwetu mjomba ni mjomba, ndo alinilea, ndo alisimama siku naolewa. Ana maradhi ya muda mrefu na daktari wake yuko hospitali ya Ndanda, faili lake lote liko kule, na ni zaidi ya kilomita mia na hamsini kutoka hapa. Jioni hali ikabadilika, wakapiga simu kwangu kwanza, kwanini kwangu, kwa sababu gari langu ndo jipya kwenye ukoo mzima. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Nikafika Naliendele, betri inasoma 38. Wanaukoo wameshamtoa nje, wameshatandika kanga kiti cha nyuma, shangazi ana chupa ya chai na ndoo mkononi, binamu yangu amekaa mbele ameshafunga mkanda. Mimi nimesimama mlangoni nahesabu. Thelathini na nane ni kilomita sabini, themanini nikibahatika, ni usiku, ni barabara kuu, ningekwama hata kabla ya Mtama, na ningekwama na mgonjwa. Nikawaambia haliwezi kufika. Binamu akaniangalia kama hajanielewa, "Dada, si uwashe tu twende?"

Nikaeleza tena. Yule shangazi alikuwa hasemi kitu, anakunja kanga moja moja anazirudisha mkononi.

Jirani akatoa Noah yake. Ilikuwa na mafuta robo, wakapita sheli, wakajaza dakika tano, wakaenda. Mjomba alitibiwa, alirudi, yuko salama, namshukuru Mungu kila siku. Lakini ile picha ya kushusha mgonjwa kwenye gari jipya na kumpandisha kwenye gari la zamani la jirani imekaa na mimi. Na hata kama betri ingekuwa imejaa tungefika Ndanda tu, kurudi hapana. Mtu wa huku gari sio la kwenda kazini tu, gari ni la ukoo, ni la msiba na la mgonjwa, na saa zake huchagui wewe.

Ufundi nao niseme. Mafundi wetu wazuri sana, injini wanaifungua macho yamefumba, ila wakifungua boneti la hili wakaona zile nyaya nene za rangi ya chungwa wanarudi nyuma hatua mbili, na wana haki, pale umeme unapita volti mia tatu na zaidi, unaua. Lakini tatizo langu la kwanza halikuwa huko kabisa. Gari liligoma kuwaka, skrini nyeusi, milango inafunguka kwa shida, nikajua betri kubwa imekufa na milioni zangu zimeondoka. Kumbe magari haya pia yana kabetri kadogo ka volti kumi na mbili kama gari lingine lolote, ndo kanakowasha kompyuta, kakifa betri kubwa hata iwe imejaa gari halijui. Kijana wa betri za bajaji akakapima, akaleta kengine, likawaka. Ukinunua lijue hilo mapema, na ujue kalipo, utajiokolea siku nzima ya presha.

Joto nalo nalifikiria sana. Huko Phoenix, Arizona, mwaka 2012 wenye Leaf za mwanzo walilalamika betri zinapungua haraka kwa sababu ya joto, gari lile betri yake haipozwi kwa maji, inategemea hewa, na baadaye Nissan wakaboresha kemia ya betri ili ivumilie joto. Mtwara sio Phoenix, wao majira ya joto wanapita nyuzi arobaini, sisi tunacheza na thelathini na kitu, ila yetu ni miezi mingi na unyevu na chumvi ya bahari. Kwahiyo sichaji mpaka mia kama sina safari, naishia themanini, na dukani naegesha chini ya mwembe hata kama ni mbali na mlango. Kile kifaa cha kupimia sa hivi kinasoma 90. Haijaanguka vibaya. Ila inashuka na mimi naiona inashuka, gari la petroli halikuonyeshi namba ya uzee wake kila asubuhi.

Na kuna suala la mdomo wa chaja ambalo watu hawaliwazi kabisa. Gari la Japani la chaji ya haraka lina mdomo wa CHAdeMO, la China lina GB/T, Ulaya wanatumia CCS2. Mimi nilikuwa najipa moyo kwamba ipo siku mtu atafungua kituo cha chaji Lindi au Nangurukuru na shida zangu zitaisha. Inawezekana kabisa ikaja, ila akifunga ya mdomo wa Kichina kwa sababu magari mapya mengi yanatoka China, mimi nitapita naangalia tu. Wanaotaka kununua sasa waangalie hilo kabla ya rangi.

Nikamwita dalali mmoja nimuulize tu linaweza kwenda bei gani. Alilizunguka, akalisifu, akataja hela ambayo ilikuwa chini sana ya niliyoinunulia, na ubaya ni kwamba hakuwa ananionea, aliniambia ukweli, "Mama, hapa Mtwara nitamuuzia nani? Na mtu wa Dar atataka nimpelekee na lori." Lori tena.

Kwahiyo msimamo wangu ukoje? Nikisema gari ni baya nitakuwa naongopa, ni gari zuri kuliko yote niliyowahi kukaa nyuma ya usukani wake. Anayeniuliza namuuliza na mimi. Una gari lingine nyumbani la safari? Nyumba ni yako na waya wake unaujua? Kwa siku unatembea kilomita ngapi, sio unazotamani, unazotembea kweli? Kuna kijana hapa anafanya teksi, anazunguka mji mzima kutwa, kilomita mia na zaidi kila siku, yeye nilimwambia bila kusita kanunue, hesabu yake ni kama miaka miwili anarudisha tofauti. Kuna mwalimu wa Tandahimba anataka moja la kwendea kwao kila wikiendi, huyo nilimwambia hapana, na nilimwambia kwa kumpenda.

Sisi tumerudisha gari la petroli nyumbani, IST ya zamani ya namba D ya mdogo wake Baba Nasra, ndo inakaa tayari kwa ajili ya mjomba na Newala. Kuwa na magari mawili haikuwa mpango wangu, bima mbili, matairi nane, na hilo ndo linanikosesha usingizi kuliko chaji. Baba Nasra anasema tukae nalo mpaka watoto wamalize shule, mimi naona hela imelala pale barazani wakati duka la Mikindani linahitaji mtaji.

Wiki iliyopita amekuja mzee mmoja ana lodji yake Mikindani, anachukua wageni uwanja wa ndege na kuwarudisha, safari fupi fupi kutwa nzima, amelipenda mno, alitaka tuandikiane siku hiyo hiyo. Nimemwambia hapana mzee wangu, shikamoo tena, kwanza fundi wangu aje akague waya wako na ethi yako, alafu lichukue ukae nalo siku mbili tatu, uchaji kwa Luku yako mwenyewe, uone. Nimempa na kile kifaa cha kupimia betri. Analichukua Ijumaa.